Kuhesabu kwa Mdomo

Katika nyumba ya Kufuli hakuna aliyehesabu kwa mdomo. Viazi vilimenywa vikatumbukizwa sufuriani bila namba, ngazi zilipandwa kimya, na aliyetaka kusema kwamba wageni ni watano alinyoosha vidole vyake akaishia hapo. Binti alikulia humo tangu anajifunza kutembea, akadhani dunia nzima iko hivyo. Alipoanza shule mwalimu aliwaambia watoto wahesabu pamoja hadi mia. Wenzake wakapaza sauti, yeye akabana midomo kama mtu aliyepewa dawa chungu. Akachapwa. Kesho yake akachapwa tena.

Siku ya tatu Shangazi alikwenda shuleni mwenyewe, na funguo zake kiunoni.

"Mtoto wako hajui kuhesabu," mwalimu akamwambia.

"Anajua. Hatahesabu kwa mdomo."

"Kwa nini?"

Shangazi alimtazama mwalimu mpaka mwalimu akakumbuka anazungumza na nani. Tangu siku hiyo Binti aliandika hesabu zake ubaoni bila kutoa sauti, na watoto wakambandika jina la Kimya.

Shangazi huyo ndiye Kufuli. Jina la utani, bila shaka, lakini hata waliomwogopa walilitumia, na walimwogopa wote. Cheo chake kilikuwa Mkuu wa Milango, na mahali pale hapakuwa na cheo kizito kuliko hicho, kwa kuwa watu waliishi ndani, maisha yao yote, katika kumbi saba za zege zilizounganishwa na korido ndefu. Nje ulikuwepo ukungu. Ulikuwepo kabla babu zao hawajazaliwa, na aliyeuvuta pumzi mbili tatu hakuvuta ya nne. Ukuta wa korido ukipata ufa, ukungu unaingia, na ukiingia unasafiri kuelekea kumbini walipo watu.

Wenyewe hawakuuita ukungu. Waliuita Mgeni. King'ora nacho walikiita hodi, maana Mgeni hakuwa na adabu ya kubisha mwenyewe. Na kwa sababu hiyo neno "karibu" halikusemwa karibu na mlango wowote. Mlinda mlango akitaka kukuruhusu alisema "pita" tu. Ni utani wa kutisha, lakini watu wanaolala na kifo nyuma ya ukuta wakipata cha kutania, waacheni watanie.

Kila mwisho wa korido palining'inia mlango wa chuma, na chini yake kiti cha mbao cha mlinda mlango, na kando ya kiti wenzo. Hodi ikilia, mlinda mlango anashusha wenzo, mlango unaanguka, basi. Kuupandisha tena ni kazi ya minyororo, watu watatu wenye nguvu na robo saa nzima. Kwa hiyo aliyebaki upande wa pili amebaki.

Zamani walinda mlango walikuwa na desturi yao. Hodi ikilia walihesabu hadi kumi kwa sauti, ili aliyemo koridoni asikie na akimbie. Wenzo ulishushwa kwenye kumi, si kabla wala si baada. Desturi hiyo ilikufa siku moja, miaka kumi na sita nyuma, na aliyeiua alikuwa baba yake Binti, mdogo wake Kufuli, tumbo moja. Alikuwa mlinda wa Mlango wa Nne. Hodi ililia, akahesabu kumi, akaendelea. Ishirini, akaendelea. Thelathini. Mlango ulipoanguka, Mgeni alikuwa amekwisha kupita. Ukumbini walikufa watu thelathini na mmoja, na miongoni mwao watoto wawili wa kiume wa dada yake, waliokuwa wamelala mchana kwenye chumba kilichopakana na mlango.

Hawakumnyonga. Walimvua funguo, wakampeleka kufua barakoa za walinda mlango, na watu wakampa jina: Thelathini. Alikuwa na kifua kibovu tangu siku hiyo, sauti yake ikitoka na mluzi, na watoto walipopita dirishani kwa kufulia waliliita jina lake kisha wakakimbia. Binti naye aliwahi kuliita, akiwa na miaka saba. Yule mtu aliinua kichwa kutoka kwenye karai, akamtazama, akarudi kufua. Binti alifika nyumbani na fahari yake, akasimulia. Shangazi alimpiga kofi moja, la pekee alilowahi kumpiga maishani, na hakusema ni la nini.

Binti alijua kwamba yule ni baba yake. Alijua kwamba mama yake alikufa siku hiyo hiyo, na akajumlisha mwenyewe: mama yake naye aliuawa ukumbini na ile hesabu. Alichokuwa hajui ni baba yake alikuwa akimngoja nani. Wakubwa walijua, lakini Kufuli alikuwa amekata kauli kwamba habari hiyo isifike masikioni mwa mtoto, na kauli ya Kufuli ilikuwa na kufuli yake. Binti alidhani alikuwa akimngoja hawara. Alimchukia baba yake kwa raha zake zote, chuki safi ya mtoto isiyo na maswali.

Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba na yeye ni wa hivyo. Watu hawakuficha. "Mkono ule ni wa Thelathini," walisema alipopita na ndoo. "Subirini akabidhiwe wenzo, mtaona." Na Shangazi aliyasikia, na alikuwa na dawa yake.

Binti alipofika miaka sita, Shangazi alifunga mpini wa fagio kwenye mguu wa kiti kwa ukanda wa zamani, akamketisha pale sebuleni kwao, na mwenyewe akaenda kusimama mwisho kabisa, jikoni. Akaita kwa sauti ya kike, nyembamba:

"Ngoja, jamani! Nina mtoto!"

Binti akavuta mpini.

"Nisubirini, wanangu, mguu umeteguka!" sauti ya mzee sasa.

Akavuta.

"Binti! Ni mimi, shangazi yako! Niache nipite!"

Mtoto aliuacha mpini akakimbia jikoni, akamkumbatia kiunoni, kichwa kwenye funguo. Shangazi aliitoa mikono ile taratibu, mmoja mmoja.

"Umeua watu mia mbili," akasema. "Rudi kwenye kiti."

Walirudia siku ile hadi mtoto akaishiwa machozi. Walirudia kesho yake, na mwaka uliofuata. Shangazi aliigiza sauti zote za dunia: mjamzito, kipofu, mlevi, mwalimu, mtoto aliyepotea. Aliomba, alitukana, alilia kweli kweli. Alipofika miaka kumi Binti aliweza kuvuta mpini kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika mkate. Katika vilio vyote hivyo kulikuwa na neno moja ambalo Shangazi hakulitumia hata mara moja, na Binti hakuwahi kugundua kwamba halimo.

Msimwone Kufuli kuwa jiwe. Alimsuka nywele kila Jumapili na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mkate ukikatwa, kipande kikubwa kilikwenda upande wa pili wa meza. Juu ya kabati palikuwa na jozi mbili za viatu vya watoto, alizopiga rangi kila Ijumaa, na Binti hakukatazwa kuvigusa. Siku moja alivijaribu, vikamtosha, na Shangazi alimkuta navyo miguuni. Alimfunga kamba za viatu vizuri zaidi, akatoka kwenda koridoni, akakaa huko kitambo. Mwaka mmoja baadaye vikawa vinambana, naye akavirudisha kabatini mwenyewe.

Akiwa na miaka kumi na saba Binti alikabidhiwa Mlango wa Nne. Uleule. Watu walinong'ona, wengine wakaenda kwa Kufuli kulalamika, na Kufuli akawajibu kwamba kama kuna mkono anaouamini zaidi ya wake mwenyewe ni ule. Binti aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya pazia. Hakuwahi kusifiwa kabla ya hapo, kwa hiyo alisimama palepale akiwa na beseni la maji machafu mikononi, asijue aiweke wapi furaha yake.

Mwezi wa kwanza Shangazi alimjaribu mara mbili. Aliwasha hodi bila kumwambia mtu, akaja mbio koridoni akipiga kelele kwamba anakufa. Mara zote mbili mlango ulianguka kabla hajamaliza sentensi. Ulipopandishwa, Kufuli alitoka upande wa pili akihema, akapangusa mikono kwenye sketi, akasema, "Sawa," akaenda zake. Lakini jioni kile kipande cha mkate kilikuwa karibu mkate mzima.

Jumanne ya wiki ya sita, asubuhi, Shangazi alikuja na kopo la grisi na kitambaa begani. Kila Jumanne alipaka grisi kwenye mipira inayoziba viungo vya ukuta, na mwaka huo goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumsumbua, kwa hiyo alikwenda akiegemea ukuta.

"Pita, Shangazi," Binti akasema.

"Mguu wa kiti chako umelegea. Utakuangusha." Alikitikisa kiti kwa mkono. "Kesho nitakuletea msumari."

"Nitauleta mwenyewe, pumzisha goti."

"Goti si lako," Shangazi akasema, na akapita akichechemea, kopo likigonga funguo kiunoni.

Haikupita nusu saa, hodi ikalia.

Taa nyekundu iliwaka juu ya namba nne. Binti alikuwa amekwisha kusimama. Alitazama koridoni: mwisho kabisa, penye kona, Shangazi alitokea akikimbia kwa mguu mmoja na kuburuta wa pili, mkono ukutani, kopo la grisi bado mkononi. Alikuwa anapiga kelele. Binti alitabasamu. Naam, nimeona, hilo ndilo lililompitia kichwani: mara ya tatu, na safari hii na goti pia, Shangazi kweli hana mfano. Mkono wake ulikuwa juu ya wenzo.

"Binti! Hesabu!"

Sauti ilipasuka ukutani ikamfikia kwa vipande.

"Hesabu, mwanangu! Hesabu!"

Wenzo ukashuka. Mlango ukaanguka na kishindo kilichotetemesha kiti chenye mguu uliolegea.

Mkono ulikuwa umetii miaka kumi na mmoja ya mafunzo. Na mdomo, ambao haukuwahi kufundishwa ila kufungwa, ukatii amri ya mwisho. Ulifunguka wenyewe.

"Moja," Binti akasema. "Mbili. Tatu."

Sauti yake ilimshangaza. Ilikuwa nene kuliko alivyodhani. Alihesabu kama baba yake na walinda mlango wa zamani walivyohesabu, ingawa hakuwahi kuwasikia, pumzi moja kwa kila namba. Alipofika saba ndipo akili ilipomrudia. Hesabu. Neno lile. Mjamzito hakulisema, kipofu hakulisema, na Shangazi katika zoezi alikuwa tayari kusema lolote linalosemeka, kulia, kutukana, kujiapiza, lakini lile hakuliweza kulitia kinywani hata kwa kuigiza. Kwa hiyo hili halikuwa zoezi. Binti aliushika wenzo kwa mikono miwili akaupandisha juu. Wenzo ulipanda mwepesi, bure. Mlango haukutikisika.

"Watu!" akapiga kelele. "Minyororo! Leteni watu!" Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na kinywa chake, akaendelea palepale hesabu ilipokuwa imefika. "Kumi na nne. Kumi na tano."

Kwenye kumi na tisa ngumi iligonga chuma.

Mlangoni palikuwa na kioo kinene cha ukubwa wa kiganja, na kando yake bomba la kuongelea. Uso wa Shangazi ulijaa kwenye kioo. Jasho lilikuwa limeshusha kilemba chake kwenye nyusi.

"Umefunga?" Shangazi akauliza, kama mtu anayeuliza kuhusu dirisha la jikoni.

"Nimefunga, Shangazi."

Binti alikuwa analia, na hakujua tangu lini.

"Nilidhani ni zoezi! Shangazi, nilidhani unanijaribu!"

"Najua."

"Wanakuja na minyororo! Wanakuja sasa hivi!"

"Usiwaruhusu." Sauti ilikuwa ileile ya kazini. "Wakigusa minyororo wakate mikono. Unanisikia? Ufa ni mkubwa."

"Shangazi."

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Vizuri," Shangazi akasema. Aligeuka kutazama nyuma yake, akageuka tena. Kuna kitu alitaka kukisema. Midomo ilianza, ikaacha. "Kiti hicho," akasema mwishowe. "Usikikalie."

Halafu akainua mkono wenye grisi, akaubandika kwenye kioo, na kiganja kikakifunika chote. Binti aligonga kioo kwa kucha, akamsihi aondoe mkono, akamwita mama, kwa mara ya kwanza maishani. Mkono haukuondoka. Hakuona kitu isipokuwa mistari ya kiganja kile na grisi nyeusi iliyoijaza.

Hakuacha kuhesabu, hata katikati ya kilio. Namba zilijipenyeza zenyewe. Kando ya mlango palikuwa na kipimo, sindano ndani ya saa ya shaba, ambayo huruka Mgeni anapogusa chuma upande wa pili. Binti aliitazama. Thelathini ilipita, sindano imelala. Arobaini. Hamsini. Iliruka kwenye sitini na nne.

Watu watatu walifika na minyororo. Binti alisimama mbele yao na mgongo wake mlangoni, akawaambia hapana, na waliona usoni mwake kitu walichokifahamu, wakaweka minyororo chini. Mmoja wao alivua kofia. "Mtoto wa Kufuli kabisa," akasema, na alikuwa anamsifu. Binti alitamani kumrukia shingoni.

Mchana Wakuu wa kumbi walikuja, wakasoma kipimo, wakaandika, wakamshika mkono mmoja baada ya mwingine. Mlango ulifungwa kwa wakati. Ukumbini hakuna aliyekohoa. Walimwambia aende akapumzike, na akaenda, ila miguu haikuelekea nyumbani. Nyumbani palikuwa na viatu juu ya kabati, na Ijumaa ingefika bila mtu wa kuvipiga rangi.

Kwa kufulia kulikuwa na mvuke na harufu ya sabuni. Thelathini alikuwa ameinamia karai, mikono imekunjamana kwa maji, barakoa zikining'inia kichwani mwake kwenye kamba. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana dirishani. Binti alisimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Yule mtu aliacha kusugua. Ilimchukua muda kulipata jibu, maana hakuna aliyemwamkia kwa miaka mingi.

"Marahaba," akasema, na kifua kikapiga mluzi.

"Shangazi amebaki Korido ya Nne."

"Nimesikia hodi. Wamenipitia wakaniambia." Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa sabuni. "Alikuwa dada yangu. Alinifundisha kutembea, yule."

"Nimefunga mimi. Sikuhesabu."

"Umefanya ulivyofundishwa."

"Aliniambia nihesabu. Aliomba. Nikadhani ananijaribu, nikafunga." Binti alivuta pumzi. "Nimehesabu baada ya kufunga. Kwa mdomo. Alifika kumi na tisa."

Baba alitoa mikono majini, akaikausha kwenye aproni kidole kwa kidole. Alikuwa mlinda mlango kabla hajawa mfuaji, na swali lililofuata lilikuwa la mlinda mlango.

"Kipimo kiliruka ngapi?"

"Sitini na nne."

Alifumba macho. Sitini na nne. Leo Mgeni alikuja kwa miguu mizito. Leo ungehesabu thelathini, ukahesabu tena thelathini, na kila mtu angekwenda kula chakula cha mchana. Hakuna mlinda mlango duniani anayeweza kuijua namba hiyo kabla.

"Siku yako kiliruka ngapi?" Binti akauliza.

"Kumi na mbili."

Maji yalidondoka kutoka kwenye barakoa kwenda sakafuni. Binti alihisi ile chuki yake ya miaka yote ikitafuta pa kushika.

"Ulikuwa unamngoja nani?" akasema. "Watu thelathini na mmoja. Watoto wake wawili. Mama yangu. Nani huyo alistahili wote hao?"

"Mama yako hakuwa ukumbini," baba akasema. "Alikuwa koridoni, anakuja kuniletea chakula, mtoto kiunoni. Alianguka nikiwa kwenye kumi na tano, hatua chache kabla ya kunifikia; Mgeni alipita juu juu, sakafuni alikuwa bado kushuka. Akamweka mtoto chini, akamgeuzia uso kwangu, akamsukuma. Mtoto mwenyewe alikuwa na wiki tatu tangu aanze kutembea. Anakwenda, anakaa chini, anacheka, anainuka." Alikohoa muda mrefu. "Nilikuwa na barakoa moja. Dada yangu alipokuja kutafuta wanawe alinikuta nimeiweka usoni pa mtoto. Alisimama akakutazama. Nilidhani ataivua. Akakubeba, akaondoka na wewe, na hajazungumza na mimi tena mpaka leo."

Alichukua barakoa kutoka kwenye karai, akaikamua, akaitundika kwenye kamba pamoja na nyingine.

"Wewe ulifika ishirini na saba," akasema.